Mbio mbili za milimani wikendi moja: maswali ya wakimbiaji wa Malindi

Majibu haya ni ya mtu mzima mwenye afya aliyezoea mazoezi, anayeondoka Malindi, Watamu au Lamu kwenda bara kukimbia milimani kilomita 20 hadi 35 Jumamosi, kisha tena Jumapili.

Sisi tunaishi usawa wa bahari. Si pumzi ndiyo itatuangusha?

Pumzi itakupunguzia mwendo tu. Kinachowatoa watu siku ya pili ni mapaja, na mapaja huharibika wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Ukipanda, msuli hujikaza huku ukifupika. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja hujikaza huku ukivutwa, kwa kuwa ndio breki ya mwili mzima. Nyuzi zake huchanika kidogo kidogo, halafu hufura. Maumivu huanza baada ya saa kadhaa na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kwa hiyo Jumapili asubuhi ndiyo kwanza yanapamba moto.

Kwetu hakuna mlima. Tufanyie wapi mazoezi?

Matuta ya mchanga ya Shela, kule Lamu, ni mazuri kwa pumzi ukiyapanda, lakini kwa kushuka hayakufunzi kitu: mchanga hudidimia na kulifanyia paja kazi yake ya breki. Unataka ardhi ngumu. Korongo la Marafa karibu na Malindi, liitwalo pia Nyari, lina vijia vya kushukia hadi chini. Uwe umemaliza kabla ya saa tatu asubuhi, maana joto la mchana mle ndani si la mchezo.

Asiyeweza kufika Marafa atumie ngazi za jengo la ghorofa tatu au nne: panda ukitembea, shuka ukikimbia polepole. Anza na mara 10, uongeze 5 kila wiki. Siku moja kwa wiki, kwa wiki sita, yatosha. Zoezi zito la mwisho la kushuka liwe siku 10 hadi 14 kabla ya mashindano. Kinga ambayo msuli hujijengea hudumu wiki kadhaa, hivyo huna haja ya kushuka tena dakika za mwisho. Ukishuka sana siku tatu kabla, utaanza mbio umeshaumia. Ukipata nauli ya kwenda Taita, kilele cha Vuria (mita 2,208) ni mlima wa kweli, na ni karibu kuliko Mlima Kenya.

Jumamosi nishuke vipi?

Hatua fupi na za haraka, goti limekunjwa kidogo, mguu utue chini ya mwili wako na si mbele yake. Anayenyoosha goti na kujizuia kwa kisigino ndiye atakayeonekana Jumapili akijishusha kitandani kwa mikono. Mwinuko ukiwa mkali, tembea. Hakuna aibu, hata mabingwa hutembea.

Anza kula ndani ya nusu saa ya kwanza, bila kungoja njaa. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi ya wastani ina kama 25, tende moja nono hukaribia 18.

Nikimaliza Jumamosi, nianze na nini?

Nguo kavu. Huko juu jua likijificha tu, fulana iliyolowa jasho hukunyang'anya joto kwa dakika chache, na mtu wa pwani hushtukia anatetemeka.

Halafu chakula, ndani ya nusu saa. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni. Mbio ndefu huimaliza sehemu kubwa, na kuijaza tena huchukua kama saa 24, muda ambao huna. Ndiyo maana saa nne za kwanza ni za thamani: kila saa, gramu 1 hadi 1.2 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Hiyo ni wali mweupe uliokwisha kupikwa gramu 250, au ndizi mbivu mbili na kikombe cha chai chenye vijiko vidogo vinne vya sukari. Katika mlo wa kwanza ongeza protini gramu 20 hadi 25: kipande cha samaki cha gramu 100, au mayai matatu na glasi ya maziwa.

Viazi karai, biriani na wali wa nazi uliokolea vingoje Jumapili jioni, kwa sababu mafuta hukawiza chakula tumboni. Mbaazi nazo, kwa sababu ya gesi.

Kukandwa kwa nguvu usiku huo ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Tembea polepole dakika 10, tumbukiza miguu kwenye maji baridi dakika 10 ukiweza, kisha ulale mapema.

Ninywe maji kiasi gani?

Fuata kiu. Kwa wengi hutokea millilita 400 hadi 800 kwa saa. Kosa la watu wetu ni kunywa mlimani kwenye baridi kama wanavyokunywa Malindi mwezi wa Machi. Maji yakizidi, chumvi ya damu huzimuliwa: kichefuchefu, kichwa kuuma, pete kukaza kidoleni, kisha kuchanganyikiwa na hata degedege. Mtu wa namna hiyo asiongezwe maji. Apelekwe kwa wahudumu wa afya mara moja. Mizani nayo husema: ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulipoanza, umekunywa kupita kiasi.

Ukiwa umepungua, rudisha lita 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo, kidogo kidogo kwa saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi. Madafu ni mazuri ila yana potasiamu nyingi, na kinachotoka zaidi kwa jasho ni sodiamu. Usiyategemee peke yake.

Ibuprofeni kidogo ya kunisogeza hadi Jumapili?

Hapana. Wala diklofenaki. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, wakati ambapo figo tayari zimepungukiwa maji na zinachuja mabaki ya misuli iliyochanika. Parasetamoli, kwa kipimo cha kwenye pakiti, ni nyepesi zaidi kwa figo, lakini usiimeze ili kuficha maumivu uweze kuanza mbio.

Malengelenge je?

Paka mafuta ya mgando miguuni kabla, vaa soksi zisizo za pamba, na ubandike plasta pale ngozi inapoanza kuwaka, si baada ya kutumbuka.

Nina ndugu mwenye selimundu. Inanihusu?

Inakuhusu sana. Katika kaunti ya Kilifi watu wengi wamebeba jeni moja ya selimundu (sikoseli) bila kuugua, na wengi hawajui. Juhudi kali, joto, upungufu wa maji na kuwa juu sana mlimani vikikutana, mbebaji anaweza kuvunjika misuli vibaya au kuumia wengu. Pima damu kabla ya kujiandikisha. Ukiwa mbebaji, ongea na daktari, na mbioni usisukume mwili ukiona unalegea ghafla au unapata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu.

Jumapili asubuhi nitajuaje kama nianze?

Tembea dakika 10, kisha shuka kidato kimoja mara 10 kwa kila mguu. Mapaja yote mawili yakiuma sawasawa na maumivu yakipungua unavyopata joto, unaweza kuanza. Usianze kama maumivu yako sehemu moja ya mfupa au kiungo, au kama unachechemea. Mkojo wa rangi ya strungi (chai isiyo na maziwa) ni wa hospitali siku hiyohiyo, hata ukijisikia vizuri. Ukiwa juu ya mita 2,500 na kichwa kinauma huku unatapika, usipande zaidi. Ukianza kuyumba au kukosa pumzi ukiwa umekaa, shushwa haraka.

Nimerudi nyumbani, Jumanne nina homa. Ni uchovu?

Misuli iliyochoka haipandishi joto la mwili hadi nyuzi 38. Pwani tuna malaria, na kuumwa na viungo kwa malaria hufanana mno na kuumwa na viungo baada ya mbio. Pima siku hiyohiyo. Homa ikikukuta ukiwa bado bara, mwambie daktari kwamba unatoka Malindi, maana huko huenda asifikirie malaria kwanza.