Je, wajua? Shahada ya historia inaweza kukufikisha kwenye kazi za fedha

Peter Lynch alisimamia mfuko wa uwekezaji wa Magellan kuanzia 1977 hadi 1990. Chuoni alijikita kwenye historia, saikolojia na falsafa, na shahada ya biashara akaichukua baadaye. Lloyd Blankfein, aliyewahi kuiongoza benki ya Goldman Sachs, naye alisoma historia.

Inawezekanaje? Ni kwa sababu uchambuzi wa fedha kwa sehemu kubwa ni kusoma. Katika ripoti ya mwaka, hesabu zenyewe huchukua kurasa chache. Maelezo yake ndiyo marefu. Chukua mfano: mwaka jana kampuni iliandika kwamba mauzo huhesabiwa mteja anapopokea bidhaa. Mwaka huu imeandika: bidhaa inapotoka ghalani. Sentensi moja imebadilika, na mauzo yamevimba kwa mizigo ambayo bado iko njiani. Aliyezoea kulinganisha nyaraka hulinasa jambo hili mapema.

Anachopungukiwa msomi wa historia ni uhasibu, na hapo hakuna njia ya mkato. Aanze na taarifa tatu: ya mapato, ya mtiririko wa fedha na mizania (orodha ya mali kwa upande mmoja, madeni na mtaji kwa upande wa pili), na ajue zinavyoshikana. Swali hili huulizwa sana kwenye usaili: uchakavu wa mitambo ukiongezeka kwa 10, na kodi ni asilimia 30, nini kinatokea? Faida kabla ya kodi inashuka kwa 10, kodi inapungua kwa 3, hivyo faida halisi inashuka kwa 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hiyo 7 iliyopungua, kisha unarudisha 10, maana uchakavu ni gharama ya kwenye vitabu tu, hakuna pesa taslimu iliyotoka. Taslimu inaongezeka kwa 3. Kwenye mizania, taslimu imepanda 3 na mitambo imeshuka 10. Upande wa pili, limbikizo la faida limeshuka 7. Pande zinalingana. Wengi hukariri jibu, wakiulizwa hiyo 3 imetoka wapi wanakwama. Ni kodi ambayo haikulipwa.

Cheti cha CFA, cha kitaaluma kwa wachambuzi wa uwekezaji, kina mitihani ya ngazi tatu na hakibagui fani ya shahada. Kila ngazi hukadiriwa kuhitaji saa 300 za kujisomea. Kwa saa 10 kwa wiki, hiyo ni miezi saba hivi. Pia kinadai saa 4,000 za kazi inayohusika, kwa muda usiopungua miezi 36, kwa hiyo usingoje umalize ndipo utafute ajira. Faulu ngazi ya kwanza, omba.

Idara za mikopo na utafiti wa hisa ndiko kwa kubisha kwanza. Ukokotoaji wa bei za mikataba changamani ya kifedha unadai hisabati ya juu, huko usijidanganye. Na kwenye maombi, badala ya kuandika kwamba unajieleza vizuri, ambatisha kurasa mbili za uchambuzi wako wa kampuni moja iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa: inapataje pesa, inadaiwa kiasi gani, deni linaiva lini, na ni kitu gani kikitokea utajua umekosea.