Je, wajua kwa nini Shirakawa-go wanawasha moto ndani ya nyumba ya nyasi hata wakati wa joto?

Ukitoka mji wa zamani wa Takayama, milimani mkoa wa Gifu huko Japani, unapanda basi kama dakika 50 hivi unafika Shirakawa-go, kwenye kijiji cha Ogimachi. UNESCO walikiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1995 pamoja na vijiji viwili vya Gokayama. Nyumba zake zinaitwa gassho-zukuri, maana yake zimejengwa mfano wa mikono iliyokutanishwa kusali, paa limesimama karibu nyuzi 60 ili theluji isikae juu.

Mi nilifika Agosti, nje jua kali, naingia ndani ya nyumba moja nakuta moto wa kuni unawaka taratibu katikati ya sakafu, hakuna anayepika, hakuna anayeota moto, na darini moshi umetanda. Nikajua ni wa wageni wapige picha. Na nilivyorudi nikawa nawaambia watu hivyo hivyo, tena naongeza kwamba ni hatari, maana moto na nyasi wapi na wapi.

Nilikosea, na naona wengi wanakosea hapo hapo. Hofu ya moto yenyewe ni ya kweli kabisa, wanakijiji wamefunga mizinga ya maji kila kona na kila vuli wanaijaribu yote kwa pamoja, maji yanaruka juu kuliko mapaa. Lakini huu moto mdogo wa ndani, wa kwenye jiko la sakafuni linaloitwa irori, ndio unaolitunza paa.

Iko hivi. Lile paa halijapigiliwa misumari. Makombamoyo yamefungwa kwa kamba za majani ya mpunga na matawi laini ya mti yaliyosokotwa, wanayaita neso. Kwa hiyo adui mkubwa ni unyevu, ukungu na wadudu, kamba ikioza tu basi paa zima linalegea.

Sasa kumbuka mbegu za mahindi bibi anazoning'iniza juu ya mafiga. Zinakuwa nyeusi kwa masizi, lakini msimu wa kupanda ukifika hazijatobolewa na bungua hata kidogo. Au samaki wa kubanikwa, moto unamkausha na moshi unamwachia utando ambao wadudu na ukungu hawaupendi. Paa la gassho ni huyo samaki, ila anabanikwa miaka na miaka. Nilishika kamba moja ghorofa ya juu, nyeusi, ngumu, inang'aa kama imepakwa lami. Siwezi kusema yote ni kazi ya moshi, joto linalopanda nalo linakausha nyasi, na mwinuko wa paa unamwaga maji haraka, vyote vinasaidiana.

Na cheche je? Juu ya moto wananing'iniza ubao mpana unaoitwa hiama, cheche zinaishia pale, moshi na joto vinapita pembeni vinasambaa. Sakafu za juu zina nafasi kati ya mbao na mbao ili vipenye mpaka juu, na zamani huko juu ndiko walikofuga viwavi wa hariri, hilo joto likawasaidia na wao.

Watu walipohamia majiko ya kisasa na moto ukazimwa, mapaa yakaanza kuoza mapema. Paa linalotunzwa vizuri linakaa miaka 30 hadi 40 ndiyo liezekwe upya, na siku hiyo majirani wanakuja kwa makumi wanajipanga kwenye mteremko mzima, ushirika huo wanauita yui. Siku zilizobaki zote, kwenye baadhi ya nyumba, mtu anaamka asubuhi anachochea kuni.