Je, wajua kwa nini kuwa uchi mbele ya wenzako kunaweza kupunguza aibu?

Uliza Ujiji kwa nini kuna Wazungu wanaojiunga na vyama vya kukaa uchi, wengi watakujibu: uasherati, au wamerukwa na akili. Watetezi wa jambo hilo nao tangu zamani husema dawa ni jua na upepo kwenye ngozi. Pande zote mbili zinamtazama aliyevua nguo tu, zinasahau anachokiona yeye akiwatazama wenzake. Kwa maoni yangu, siri kubwa iko hapo.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Warren, aliliandika suala hili mwaka 1933, na mwaka 1967 Paul Bindrim akaanza kuendesha tiba ya vikundi vya watu walio uchi huko California. Vipimo vya maana ni vya karibuni. Mwanasaikolojia Keon West, akiwa chuo cha Goldsmiths jijini London, aliwahoji watu 849 Uingereza: walioshiriki zaidi shughuli za kukaa uchi na wenzao waliridhika zaidi na maisha. Lakini huenda anayeupenda mwili wake ndiye mwepesi wa kuvua. Kwa hiyo baadaye aliwagawa watu 51 kwa bahati nasibu, wengine wakutane wakiwa na nguo, wengine bila. Waliokuwa uchi ndio walioongeza kuithamini miili yao, kwa sababu hofu ya umbo lao kuhukumiwa ilishuka.

Hofu hiyo hulishwa na ulinganisho. Fikiria ndoo ya dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, wakubwa weupe wamepangwa juu. Ukichungulia juu tu, dagaa wako wa nyumbani utawaona hafifu. Mwaga ndoo nzima kwenye turubai: wadogo, waliovunjika vichwa, wakubwa wachache. Wako hawajabadilika, ila sasa unawalinganisha na ndoo nzima. Miili tunayoonyeshwa kwenye matangazo na simu ni ile ya juu ya ndoo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba mtu akikosa kipimo cha uhakika hujipima kwa wenzake, basi akiona vitambi, michirizi na makovu ya upasuaji, kipimo chake kinarudi kwenye hali halisi.

Wanawake wanaooga pamoja ziwani wanalifahamu hili. Mke aliyehamia karibuni huingia majini kanga kaibana kwapani, kwapa halifunguki. Kisha mmoja mwenye michirizi tumbo zima anamwambia, "Wifi, lete mgongo nikusugue," huku akiendelea na habari za bei ya mafuta ya mawese. Hakuna aliyemkagua.

Bado watu 51 ni wachache mno, na wote walijitolea. Hiari yenyewe ina uzito: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni njia ya kale ya kumtesa na kumdhalilisha, na jeraha lake hubaki moyoni miaka mingi.