Mkataba wa ajira na mkataba wa huduma: tofauti yake, na wakili anaingia wapi

Katika mkataba wa ajira, mtu anakubali kufanya kazi chini ya mwajiri. Anapangiwa saa, anapewa vifaa, anaelekezwa. Naye mwajiri anamlipa mshahara na kubeba wajibu unaoambatana nao, kama likizo, notisi na michango ya hifadhi ya jamii. Mkataba wa huduma unawafunga watu wawili ambao kila mmoja ana shughuli zake. Mmoja anataka kazi fulani ifanyike, mwenzake anaahidi kuikamilisha kwa bei waliyopatana, na namna ya kuifanya ni juu yake. Fundi anayekuja kuziba paa linalovuja, akamaliza na kukuachia ankara, ana mkataba wa huduma. Karani anayeketi kwenye meza yako Jumatatu hadi Ijumaa na kukuomba ruhusa ya kwenda hospitali, kwa kawaida ni mwajiriwa, hata kama karatasi aliyosaini inamwita "mkandarasi huru" kwa herufi kubwa.

Wafanyabiashara wengi hujikwaa kwenye jina hilo. Mtu anamwendea wakili na kumwambia, "Niandikie mkataba wa huduma, sitaki mambo ya ajira." Wakili anayejua kazi yake hakimbilii kuandika, anaanza na maswali. Nani anampangia saa za kufika? Kompyuta anayotumia ni ya nani? Ana wateja wengine, au ni wewe tu? Kazi ikiharibika, anairudia kwa gharama zake? Akiugua, anaweza kumleta mtu mwingine badala yake, na je, amewahi kufanya hivyo?

Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini lilikuwa na uzito katika kesi dhidi ya kampuni ya Autoclenz, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2011. Waliofungua kesi walikuwa waosha magari. Mikataba yao iliwataja kama wakandarasi wadogo, ikasema wanaweza kutuma mtu badala yao na kwamba hawalazimiki kufika kazini. Kwa hali halisi, walitarajiwa kufika, na asiyeweza kuja alipaswa kutoa taarifa mapema. Mahakama ilikataa kufungwa na maandishi yasiyolingana na kilichokuwa kikitendeka, ikaona wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo iliwapa ushindi madereva wa Uber, kampuni ya teksi za mtandaoni, katika mgogoro wa aina hiyohiyo. Shirika la Kazi Duniani nalo lilikuwa limeliweka wazi jambo hili katika Pendekezo Na. 198 la mwaka 2006: kinachotazamwa kwanza ni jinsi kazi inavyofanyika na inavyolipwa, vyovyote wahusika walivyouita mkataba wao.

Ndiyo maana msaada wa kisheria kwa biashara si kazi ya kuchapa karatasi tu. Chukua mkataba wenye kichwa "Makubaliano ya Huduma", halafu kifungu cha nne kinasema: "Mtoa huduma atafika ofisini saa mbili asubuhi kila siku ya kazi na hatafanya kazi kwa mtu mwingine yeyote." Sentensi moja hiyo inakibomoa kichwa cha mkataba. Wakili ataona njia mbili: ama biashara imwachie mtu huyo uhuru wa kweli, ama ikubali kuwa imeajiri na iandike mkataba wa ajira. Njia ya tatu, kubadilisha maneno tu na kuacha mambo yaende kama zamani, ndiyo wateja huipenda zaidi, na ndiyo inayowafikisha mbele ya hakimu wakidaiwa malimbikizo ya miaka.

Vifungu vingine, kama kipindi cha majaribio, usiri na notisi ya kuvunja mkataba, vina mifano mingi iliyokwisha andikwa, na mara nyingi kinachohitajika ni kuhakikisha vinalingana na sheria ya nchi husika. Kimoja, lakini, huumiza watu wasiokitarajia: umiliki wa kazi iliyobuniwa. Katika nchi nyingi, hakimiliki ya kitu alichokitengeneza mwajiriwa akiwa katika majukumu yake huwa ya mwajiri. Kwa mtoa huduma wa nje mambo mara nyingi hugeuka: hakimiliki hubaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi, hata kama umemlipa yote. Kampuni inaweza kutumia programu iliyoandikwa na mtu wa nje kwa miaka mitano, siku inapotaka kuuzwa, mnunuzi akauliza hati ya kuhamisha umiliki iko wapi. Hapo anaanza kutafutwa mwandishi wa programu aliyekwisha badilisha namba ya simu, na akipatikana, yeye ndiye anayetaja bei.