Usikimbilie dawa: mazoezi ya uamuzi wa kiuguzi kwa mtihani wa NCLEX

Manesi wengi wa Kisumu na Nakuru wanaojiandaa kwa NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, hukesha wakikariri dawa na vipimo vya maabara, kisha huangushwa na maswali ambayo majibu yake wanayajua. Tangu Aprili 2023 mtihani huo umeongezewa visa, yaani maelezo ya mgonjwa mmoja na maswali yake, vya kupima jinsi unavyofikia uamuzi. Una maswali 85 hadi 150 kwa saa 5, na ndani yake kuna visa vitatu vyenye maswali sita kila kimoja. Maswali hayo hufuata mkondo mmoja: kutambua viashiria (dalili na vipimo vyenye maana), kuvichambua, kupanga matatizo kwa uzito wake, kutafuta njia za kusaidia, kutenda, na kutathmini matokeo. Kinachoponza watu ni kuruka kutoka viashiria moja kwa moja hadi kutenda.

NCLEX haiwezi kukuletea kisa cha malaria mara kwa mara, ila mazoea ya kufikiri ni yale yale, kwa hiyo anza na mgonjwa unayemfahamu. Mtoto wa miaka 3, kilo 12, ameletwa kutoka Ahero. Ana homa ya siku mbili, amepata degedege asubuhi, hajala tangu jana. Kipimo kimeonyesha malaria. Anaitikia maumivu tu, viganja vimepauka, anakohoa kidogo, ana upele wa joto shingoni. Himoglobini ni 6.2 g/dL. Sukari ya damu ni 1.8 mmol/L.

Likitajwa neno malaria, mkono hukimbilia artesuneti, dawa ya malaria kali. Ataihitaji kweli, na mapema: miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, yaani 36 kupitia mshipa. Lakini sukari iliyo chini ya 2.2 inaumiza ubongo dakika hii hii. Kwanza hakikisha njia ya hewa iko wazi na mlaze ubavu. Kisha mpe dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, ambazo ni 60. Baada ya dakika 30 pima sukari tena na uangalie kama ameanza kuitikia sauti. Hicho kipimo cha pili ndicho hatua ya sita, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Ile himoglobini ifuatilie kwa karibu, upele utasubiri.

Ukifanya mazoezi, funika majibu kwanza. Andika kila kiashiria, maana yake, na hatari inayokuja usipofanya kitu. Ukikosea, usiandike tu "nimekosa". Andika umekosea wapi: hukukiona kiashiria, ulikiona ukakielewa vibaya, au ulielewa ukapanga vibaya. Ninasisitiza hili kwa sababu tiba zake ni tofauti kabisa. Asiyeona anahitaji kusoma faili polepole. Anayeelewa vibaya arudi kwenye fiziolojia, jinsi mwili unavyofanya kazi. Anayepanga vibaya ajiulize kila mara: nini kitamuua mgonjwa huyu kwanza? Baada ya visa 20 hesabu makosa yako, utajua wiki ijayo usome nini.

Jihadhari pia na maswali ya kuchagua majibu yote yanayofaa. Jibu sahihi huongeza alama moja, jibu baya huondoa moja, ingawa swali haliwezi kushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo ukishindwa kuonyesha kwa kidole kiashiria kinachokufanya uchague jibu fulani, liache.