Mwenye rimoti ndani ya basi

Basi letu liliondoka Mbezi saa 12 asubuhi kwenda Mbeya. Tulipofika Mikumi, pale barabara kuu inapokatiza hifadhini, abiria walianza kuinuka vitini kuwaonesha watoto twiga na swala. Binti aliyekaa mbele yangu, kwa kumkadiria wa darasa la pili, hakugeuka dirishani. Alikuwa ameinua shingo akiitazama runinga iliyofungwa nyuma ya dereva, ambako wanawake waliovaa chupi tu walikuwa wakimkatikia viuno mwanamume mmoja kando ya bwawa la kuogelea. Mama yake alichukua khanga akamfunika kichwa: "Lala, mwanangu." Mtoto akaisogeza kwa kidole kimoja, akapata tundu la kuchungulia.

Tuliposhuka kuchimba dawa, alikuwa akikiimba kiitikio chote, neno kwa neno, huku mama yake akimvuta mkono.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa watoto: wa shule, wa mtaani, na wale wanaoletwa kwetu kutoka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wazazi huniuliza sana kuhusu simu. Nifunge nini, nimnyang'anye lini? Ni swali zuri, lakini simu angalau iko nyumbani na ina mwenyewe. Leo nataka niongelee mahali ambapo mzazi hana cha kufunga: ndani ya basi, kwenye daladala, mbele ya spika za saluni, uwanjani siku ya mahafali, kwenye shughuli ya jirani aliyefunga mtaa kwa turubai.

"Mtoto yule haelewi anachoimba." Hilo naambiwa kila mara. Kwa upande wa maneno ni kweli, hasa nyimbo zetu zinavyojaa mafumbo ya vyakula na matunda. Lakini mtoto hajifunzi kwa maneno peke yake. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake, huko Stanford, waliwaweka watoto wa shule ya awali wamtazame mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa wa kujazwa upepo. Walipopewa nafasi na mdoli huyo, wengi walimpiga vilevile, hata na maneno ya yule mtu wakayarudia. Hakuna aliyewaelekeza. Baadaye Bandura akaonesha jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: mtoto anaangalia pia yule aliyetenda alipata nini. Alisifiwa au aliadhibiwa?

Ndiyo maana kinachonisumbua kuliko runinga ya basi ni kutuza.

Mnalijua jambo hili. Singeli imepamba moto, watu wazima wamefanya duara, mtoto wa miaka sita anasukumwa katikati. Anaanza kukata mauno kama alivyowaona wakubwa. Kelele zinalipuka. Shangazi mmoja anatoka na noti ya elfu moja anaibandika kwenye kipaji cha uso wa mtoto, mwingine anaichomeka kwenye ukosi wa gauni, vijana wanainua simu kurekodi. Kwenye shughuli moja nilihesabu noti nne ndani ya wimbo mmoja. Niliutazama uso wa mtoto. Mwanzoni alikuwa na aibu, akawa anamtafuta mama yake kwa macho. Baada ya noti ya pili aibu ikaisha. Baada ya ya tatu akaanza kuangalia nani anayefuata.

Somo lile limeingia bila mtu kulitamka: mwili wangu ukifanya hivi, watu wazima wanafurahi na wananipa hela. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu najua lina mwendelezo. Mtu mwenye nia mbaya kwa mtoto mara nyingi haanzi kwa nguvu. Anaanza kwa sifa, anaongeza zawadi ndogondogo, anamwambia mtoto jinsi anavyopendeza. Tunawafundisha watoto wazikimbie dalili hizo, kisha Jumamosi tunazifanya sisi wenyewe mbele ya mtaa mzima na kupiga makofi. Kosa la anayemdhuru mtoto ni lake peke yake, halimhusu mtoto wala gauni lake. Ila sisi tumemwondolea mtoto kengele ambayo ingemshtua mapema.

Mwaka 2007 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilitoa ripoti kuhusu wasichana wadogo na utamaduni wa kuwaonesha kama vyombo vya tamaa. Miongoni mwa maana walizozitoa, moja walisema inawahusu watoto zaidi: mtu kubebeshwa mambo ya kimapenzi yasiyomstahili, asiyoyachagua mwenyewe. Nimeipenda maana hiyo kwa sababu inamwondolea mtoto lawama. Binti wa darasa la pili hakuichagua ile video. Amebebeshwa.

Wapo watakaoniambia hapa kwamba nataka kuficha, na kwamba wazee wetu ndio waliotuharibu kwa kuficha. Aliyewahi kuchezwa unyago anajua hawakuficha. Nyimbo za unyago za huku pwani zina maneno ambayo redio yoyote ingeyaogopa, na mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar mwezi Aprili 2013, aliipiga ngoma hiyo mpaka uzeeni na watu wakamheshimu. Lakini ngoma ile ilikuwa na mlango. Binti awe amevunja ungo, ndani wawe wanawake watupu, na somo wake, yaani kungwi, awe ubavuni kumfafanulia kila fumbo. Mimi nikiwa na miaka tisa nilijipenyeza uani kuchungulia, na shangazi yangu akanifukuza na ufagio mkononi. Sikuchukia. Nilielewa kwamba kuna kitu ndani, kina heshima, na siku yangu itafika.

Sisemi turudi kulekule. Unyago nao una ya kukosoa, hasa pale binti wa miaka 13 anapoambiwa kwamba sasa ni mtu mzima wa kuolewa. Ninachokitaka ni ule mlango. Nyimbo za watu wazima zitaendelea kutungwa, na mtu mzima ana haki ya kuzicheza. Swali langu ni nani anasimama mlangoni pale ambapo watoto wapo.

Serikali imejaribu kusimama hapo kwa kufungia. Mei 2016 ilifungiwa video ya wimbo "Chura" wa mwimbaji Snura, na mtaani kwetu watoto waliendelea kuucheza uchochoroni miezi mingi baadaye. Kenya imeweka utaratibu kwamba kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku vituo vya utangazaji virushe vinavyofaa familia nzima. Ni utaratibu mzuri kwa runinga ya sebuleni. Lakini flashi iliyochomekwa kwenye redio ya basi haina saa.

Kwa hiyo nimejifunza kumtafuta mwenye rimoti. Kwenye basi ni konda. Nilipowahoji kadhaa wao niligundua kwamba wengi hata hawajazitazama video zao: flashi imejazwa na kijana wa kuingiza nyimbo pale stendi, mia kadhaa kwa mkupuo, nzuri na mbaya humohumo. Mmiliki mmoja wa mabasi alinisikiliza akatenga flashi mbili, ya safari zenye watoto akaifunga utepe wa njano ili asiikosee gizani. Hakutumia gharama yoyote ya maana.

Kwenye mahafali mwenye rimoti ni DJ, na hapo ninyi walimu mnateleza. Ukimwambia DJ "piga nyimbo nzuri" atapiga zinazovuma. Mwandikieni orodha, iwe sehemu ya makubaliano kabla ya malipo, na mwalimu mmoja akae pembeni ya mashine mwanzo hadi mwisho. Na simu zishuke. Video ya mtoto wa chekechea akikata mauno ikishatoka uwanjani hapo, hakuna mwalimu mkuu wala mzazi anayeweza kuirudisha.

Kwa mama mwenye khanga nina neno pia, na nalisema kwa upendo kwa sababu alifanya alichoweza. Khanga peke yake inamwambia mtoto kwamba kuna kitu cha kutamani nyuma yake. Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Hiyo ni ngoma ya watu wazima, haikupaswa kuwekwa hapa. Umeona nini?" Kisha msikilize. Akicheka, usimpige. Akiuliza, mjibu kwa sentensi moja inayolingana na umri wake. Mtoto wa miaka saba akitaka zaidi atauliza tena. Anayejibiwa kwa kofi hapunguzi kuona, anapunguza kukusimulia. Na sisi tunaowapokea ofisini tunajua ukimya huo unavyoweza kumgharimu mtoto.

Siku ile, tulipokaribia Ruaha Mbuyuni, nilitembea mpaka mbele. Nimejifunza kutopayuka kutoka kitini, maana konda akiaibishwa mbele ya abiria anaongeza sauti. Nilichuchumaa karibu na kiti chake.

"Kaka, samahani. Nimehesabu watoto humu, wako tisa. Tuwekee hata vichekesho."

Alinitazama, akageuka kutazama nyuma, nikaona midomo yake ikihesabu. "Anti, flashi nyingine niliyonayo ina hayohayo," akasema. Kisha akachomoa flashi.

Tulipandisha Kitonga tukisikia injini na kitoto kichanga kikilia viti vya nyuma. Binti alikuwa dirishani, anahesabu malori. Mpaka tunaingia Ipogolo hakuna abiria hata mmoja aliyedai video zirudishwe.