Jana ulikula nini? Maana ya alama ya mchanganyiko wa mlo

Karani wa utafiti akibisha hodi Nyalenda, Kisumu, swali lake la kwanza halitishi mtu. Jana ulikula nini? Mama wa nyumba, tuseme ni muuza omena soko la Kibuye, anacheka.

"Jana? Si ugali na mboga tu, mwanangu. Sisi tutakula nini kingine?"

Karani aliyefunzwa vizuri haishii hapo. Anamrudisha mama hadi asubuhi ya jana.

"Ulipoamka, mama, ulianza na nini?"

"Chai."

"Ya rangi ama ya maziwa?"

"Ya maziwa. Na mandazi mawili."

"Hiyo mboga ya jioni ilikuwa gani?"

"Osuga. Niliikaanga na nyanya na kitunguu."

"Na pale sokoni mchana, hukuonja chochote?"

"Aa, njugu! Jirani yangu alinigawia njugu karanga, nikatafuna mpaka jioni."

Njugu zile zingepotea. Kinacholiwa mezani mtu hukikumbuka, lakini kinachotafunwa huku mteja anahesabiwa chenji husahaulika upesi. Ndiyo maana tafiti za aina hii huuliza kuhusu siku moja iliyopita, mchana na usiku, wala si wiki nzima.

Majibu hayo hupangwa katika makundi kumi ya vyakula: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, kunde na maharagwe, njugu na mbegu, maziwa, nyama pamoja na kuku na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani kibichi, mboga na matunda mengine yenye vitamini A kwa wingi, mboga nyinginezo, na matunda mengineyo. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 aliyegusa makundi matano au zaidi huhesabiwa kuwa amefikia kiwango cha chini cha mchanganyiko wa mlo. Kipimo hiki kilienea baada ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na washirika wake kutoa mwongozo wake mwaka 2016. Watoto wa miezi 6 hadi 23 wana hesabu yao: makundi manane, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, na kiwango ni matano.

Utamu wa kipimo uko katika namna makundi yanavyogawanywa. Mtu anaweza kula chapati asubuhi, chipsi mchana, ugali jioni na muhogo wa kuchemsha katikati, akaamini amebadilisha mlo siku nzima, kumbe yuko katika kundi moja tu. Anayekula sahani moja ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ameshapata mawili. Sukuma wiki na kabichi ziko makundi tofauti. Embe lililoiva na ndizi mbivu pia haziko pamoja. Na kwa wakulima wa Busia na Bungoma kuna hili: kiazi kitamu cheupe hukaa na ugali, lakini kile cha rangi ya chungwa huhamia kwenye kundi la vitamini A.

Kidogo mno hakihesabiwi. Chakula chini ya gramu 15, takriban kijiko kimoja cha mezani, huachwa. Sasa nyanya moja ya wastani, katika sufuria ya watu sita, inamfikia kila mmoja kwa kiasi gani? Inakaribia mpaka uleule. Maziwa ya chai nayo hutegemea: kuna chai ya maziwa na kuna chai iliyoonyeshwa maziwa.

Tukirudi kwa yule mama, "ugali na mboga tu" yalikuwa makundi mawili. Baada ya maswali, njugu zimeongeza la tatu, nyanya na kitunguu huenda vikaleta la nne, na maziwa la tano. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani mama amefaulu mtihani. Alama hii haimpimi yeye. Siku moja haitoshi kueleza mlo wa mtu, na kipimo hakiulizi kama alishiba. Kinachopimwa ni kaunti au nchi: kati ya wanawake wote walioulizwa, ni wangapi walifikia matano? Sehemu hiyo ikiwa kubwa, uwezekano wa wanawake wa hapo kupata vitamini na madini ya kutosha nao ni mkubwa.

Kuna pia tafiti zinazouliza watu wanajua nini kuhusu lishe. Mimi nazisoma kwa tahadhari. Mfugaji wa kuku anaweza kukutajia faida zote za yai huku treya iko juu ya bodaboda, inaelekea sokoni kutafuta karo. WHO inashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani visehemu vitano, na sidhani kuna mtu Kenya hajaambiwa ale matunda. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2015 uitwao STEPS, unaochunguza vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, ulikuta watu wazima 94 katika kila 100 hawafikishi vitano hivyo.

Msimu nao hubadilisha majibu. Mvua za masika zikikolea magharibi mwa Kenya, mboga kama mrenda, saga na majani ya kunde hujaa shambani wakati ambapo ghala la mahindi linaelekea kukauka. Karani akipita wakati huo ataandika mboga kila nyumba, na hilo halimaanishi watu wameshiba.

Baadhi ya tafiti huwa na swali la kufungia: jana ilikuwa siku ya kawaida? Nyumba ya pili, baba anatikisa kichwa.

"Ya kawaida wapi! Jana tulikuwa matangani. Tumekula wali na nyama."

Karani anaweka alama kwamba siku haikuwa ya kawaida, kisha anaandika wali na nyama vilevile. Katika maelfu ya nyumba, kila siku kuna waliotoka matangani.